Niliamua Haraka Nikapoteza Kiwanja, Nikasita Nikakaribia Kumpoteza Mwanangu

Bi Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, fundi seremala, na nina karakana ndogo hapa Tanga ambayo nimeiendesha kwa miaka 17, kwa sasa nikiwa na vijana watatu. Nina mke na watoto watatu. Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nami ningeketi kukuandikia, lakini yaliyonipata katika miaka hii miwili yamenifanya nisiiamini tena akili yangu, na sasa kuna jambo mbele yangu linalotaka jibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Niruhusu nianze na kiwanja. Miaka miwili iliyopita, Jumamosi moja mchana, dalali ninayefahamiana naye alinipigia simu akaniambia kuna kiwanja pembezoni mwa mji, mwenyewe amebanwa na shida, anakiuza kwa shilingi milioni 6 na nusu wakati viwanja vya jirani vinakwenda kwa milioni 9. Akaongeza kwamba yuko mteja mwingine njiani kutoka Dar es Salaam na fedha taslimu, hivyo nikilala nitaamka nikute mtu amekwisha kuchimba msingi. Nilifunga karakana, nikapanda bodaboda, nikakiona kiwanja, nikakipenda, na kabla magharibi haijaingia nilikuwa nimelipa fedha zote na kukabidhiwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, yenye saini za mashahidi wawili ambao mpaka leo sijui wanaishi wapi. Miezi minne baadaye nilipopeleka tofali za kwanza, walinijia watu wanne. Kiwanja kilikuwa cha marehemu baba yao, mirathi haikuwa imefunguliwa, na yule aliyeniuzia alikuwa mmoja tu wa warithi watano. Yeye amehama, na simu yake haipatikani.

Tangu siku ile nilijiapiza kwamba sitaamua jambo lolote kwa haraka, na hapo ndipo mkosi wa pili ulipoanza. Wakati wa masika yaliyopita mwanangu wa mwisho, ambaye hajatimiza miaka 3, alipata homa Jumanne jioni. Jumatano asubuhi mke wangu alitaka tumpeleke kituo cha afya, nami nikasema tusubiri kidogo tuone, huenda ni meno. Nikampigia kaka yangu, nikampigia mama mkwe, nikamuuliza na jirani ambaye zamani aliwahi kuuza katika duka la dawa. Kila mmoja alikuwa na neno lake, na kila neno lilinipa sababu ya kuuliza mwingine. Usiku wa kuamkia Alhamisi, saa nane, mtoto alishikwa na degedege. Hata wakati ule, Bi Mshauri, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi nikifikiri nimpigie nani. Mke wangu hakuniuliza. Alimfunga mtoto kwa kanga, akatoka, akamgongea jirani mwenye bodaboda, wakaondoka, nami nikabaki kuwafuata kwa miguu. Ilikuwa malaria kali, na damu ilikuwa imepungua hadi ikabidi aongezewe. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Mke wangu hajalizungumza jambo hilo hata mara moja, na ningependa zaidi angelizungumza.

Hata mambo madogo yamenishinda. Nimekaa wiki tatu bila kuchagua rangi ya mlango wa karakana, na vijana wangu wamekwisha kuufanya ndiyo utani wao wa kila asubuhi.

Sasa jambo lenyewe. Shule moja ya binafsi inataka niitengenezee madawati 200 kwa shilingi 85,000 kila moja, yote yafike kabla ya masomo kuanza Januari. Watatanguliza asilimia 30, yaani milioni 5.1, na zilizobaki watalipa nikikamilisha. Mbao, misumari, gundi na vanishi vya dawati moja vinanigharimu shilingi 50,000, kwa hiyo ninahitaji milioni 10 na nimepungukiwa na milioni 4.9. Kazi yenyewe ninaiweza, kwa kuwa mimi na vijana wangu tunatoa madawati 30 kwa wiki tukikaza. Kuna mkopeshaji aliye tayari kunipa milioni 5 iwapo nitaweka rehani hati ya nyumba tunayoishi. Nilipomuuliza mke wangu, alijibu kwa upole kabisa, "Amua wewe, baba watoto, si ndiyo kazi yako?"

Nikiwauliza wazee, mmoja ananiambia haraka haraka haina baraka, na mwingine ananiambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimeumia kwa yote mawili. Mtu anajuaje kwamba jambo hili ni la kuamua papo hapo na lile ni la kulilalia?

Fundi Seremala, Tanga

*

Marahaba, Fundi, na pole kwa yaliyokupata, hasa la mtoto.

Nianze na hao wazee wako wawili, kwa sababu umewafanya wagombane wakati wao hawana ugomvi. Methali ya haraka huambiwa mtu anayekimbia, na ile ya ngoja ngoja huambiwa mtu aliyeketi. Wewe uliichukua ya kwanza baada ya kuanguka, ukaifanya sheria ya maisha yako yote, pamoja na homa ya mtoto na rangi ya mlango, na hapo ndipo ulipokosea. Mtu akila samaki akakwamwa na mwiba, haachi kula. Anajifunza kumchambua samaki.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimezidi kuamini kwamba kosa lako la Jumamosi ile halikuwa haraka, wala kosa lako la Jumatano ile halikuwa kuchelewa. Tazama ulivyoandika mwenyewe. Siku ya kiwanja, haraka ile haikuwa yako. Ilikuwa ya dalali, naye alikuletea pamoja na mteja wa Dar es Salaam ambaye hukumwona, na ambaye mimi sina imani sana kwamba alipata kuzaliwa. Ulikubali kupimiwa muda na mtu ambaye kipato chake kinatokana na wewe kulipa kabla hujauliza. Siku ya homa nako, hukukaa ukitafakari kama unavyodhani. Uliwapigia simu watu watatu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na njia ya kujua kilichomo katika damu ya mtoto, na jioni ulikuwa unajua kilekile ulichokijua asubuhi. Muda ulipita, ujuzi haukuongezeka, na kuongeza ujuzi ndiyo sababu pekee ya kuchelewesha uamuzi wowote. Kituo cha afya kilikuwa na kipimo cha malaria cha tone la damu kutoka kidoleni, ambacho hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kwenda huko kulikuwa ndiko kutafakari kwenyewe, tena kwa haraka kuliko simu zako zote tatu.

Nataka tuingie karakanani kwako, kwa kuwa huko nadhani unajua tayari unachoniuliza. Unapokwenda kununua mbao, bila shaka huiti kikao cha ukoo. Unauinua ubao, unausikia uzito wake mkononi, unatazama nyufa za ncha, unalaza jicho moja kando ya urefu wake kuona kama umepinda, unaugonga kwa kifundo cha kidole, kisha unasema huu nautaka na ule sitaki, na mwenye duka hajamaliza hata kukuelezea. Nina hakika ni mara chache unakosea. Hilo nalo ni uamuzi wa haraka, na ni mzuri, kwa sababu nyuma yake kuna miaka 17 ya mbao zilizokupinda baada ya kuzinunua ukalazimika kumrudishia mteja fedha zake.

Katika miaka ya 1980 mtafiti mmoja wa Marekani, Gary Klein, aliwahoji makamanda wa zimamoto akitaka kujua huwa wanalinganishaje njia mbili au tatu kabla ya kuchagua moja wakati nyumba inateketea. Walimshangaza kwa kumwambia kwamba kwa kawaida hawalinganishi chochote: huutazama moto, wakautambua ni wa namna gani, na jambo la kufanya likawajia. Mwanasaikolojia mwingine, Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, hakuwa na imani na hisia za namna hiyo, kwa maana yeye alikuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake akichunguza jinsi watu wenye uhakika mwingi wanavyokosea. Hawa wawili walibishana kwa miaka kadhaa, na mwaka 2009 wakachapisha makala kwa pamoja kueleza walipofikia. Walikubaliana kwamba hisia ya papo hapo huaminika pale ambapo jambo lenyewe lina utaratibu unaojirudia, na pale ambapo mwenye hisia hiyo amekaa na jambo hilo muda wa kutosha, akifanya, akikosea, na kuyaona makosa yake. Wakakubaliana pia kwamba uhakika anaousikia mtu moyoni si kipimo, kwa sababu anayejua na asiyejua wote wawili huusikia kwa nguvu ileile.

Sasa ulete utaratibu huo kwenye mambo yako. Kwenye mbao, jicho lako ni la miaka 17. Kwenye viwanja, jicho lako lilikuwa la alasiri moja. Kilichokufurahisha pale kilikuwa mandhari, na mandhari hayaonyeshi warithi. Katika jambo ambalo mtu hulifanya mara moja au mbili katika uhai wake, kama kununua ardhi, kuoa, au kuweka nyumba rehani, hakuna fundi kati yetu, na yule anayekuambia kwamba yeye ana jicho la viwanja, muulize ameuziwa vingapi au ameuza vingapi. Hapo ndipo pa kwenda polepole, hata kama bei ni nzuri, na zaidi sana kama bei ni nzuri.

Kwenda polepole nako si kulala usiku mwingi juu ya jambo. Kwa kiwanja kama kile, siku 4 za kazi zingekutosha: kumfuata mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote kuwauliza ardhi ni ya nani na imefikaje mikononi mwa muuzaji, kama ina hati, kufanya upekuzi katika ofisi ya msajili wa hati, na ukisikia neno "marehemu", kutaka kuona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, kwa kuwa mrithi mmoja hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu kabla msimamizi hajateuliwa. Majirani wangekuambia yote hayo kwa dakika 10, tena bila kuwaomba sana.

Na nisikuachie hapo, kwa sababu kuna uamuzi wa kiwanja ambao bado unauchelewesha bila kuuona. Umeniandikia kana kwamba fedha zile zimekwisha kuzikwa. Madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6 kwa sheria yetu, na wewe umekwisha kuitumia miwili kwa kujilaumu. Ichukue karatasi yako, hata kama ni ya kuandikwa kwa mkono, pamoja na ushahidi wowote wa malipo, uende kwa wakili. Ukiwa huna uwezo, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Warithi wale wanne nao usiwafanye maadui. Wakiamua kufungua mirathi, msimamizi wao anaweza kukuuzia kiwanja kihalali, au anaweza kusaidia kumbana ndugu yao kupitia fungu lake. Kwenda kuwasikiliza hakukugharimu kitu, na ukitoka hapo hujajifunga kwa lolote, kwa hiyo hilo si la kulilalia. Nenda wiki hii.

Turudi karakanani mara moja zaidi, maana kuna aina nyingine ya uamuzi ambayo barua yako haikuitaja, nayo ndiyo ingekuokoa saa nane ile ya usiku. Gundi ya mbao, ukishaipaka, haikungoji. Ukianza kutafuta klempu, yale makoleo ya kubania mbao, wakati gundi imekwisha kupakwa, au ukagundua kwamba ulimi mmoja hauingii kwenye tundu lake, kiti kimeharibika. Ndiyo maana fundi mwenye akili huviunganisha viungo kwanza vikiwa vikavu, akaviangalia vimekaa, akavibomoa, akapanga klempu zake mezani kwa mfuatano, na baada ya hapo tu ndipo anapofungua kopo la gundi. Anayemtazama wakati huo anamwona mtu mwenye mkono mwepesi. Hakumwona alipokuwa akijaribisha vikavu.

Mke wako usiku ule alikuwa na mkono mwepesi wa namna hiyo. Sidhani kama aliamua saa nane ya usiku. Nadhani alikuwa amekwisha kuamua Jumatano asubuhi, pengine hata siku alipojifungua mtoto wenu wa kwanza, kwamba mtoto akifika hali fulani hakuna kuulizana. Wewe uliufikia mlango ule ukiwa na gundi mkononi na klempu ziko stoo.

Kwa hiyo kaeni nyote wawili, mchana, watoto wakiwa wazima, mpange mambo haya yakiwa makavu. Mtoto wa chini ya miaka 5 akipata homa katika mji kama wetu wenye malaria, anapelekwa kupimwa ndani ya saa 24 tangu homa ianze, hata kama mnadhani ni meno. Kuna dalili nyingine ambazo zikionekana hata hizo saa 24 hazipo tena: mtoto ameshindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu anachopewa, amepata degedege, au amelegea na kulala usingizi usio wa kawaida hadi ni vigumu kumwamsha. Moja tu kati ya hizo inatosha kuondoka nyumbani saa hiyohiyo. Akiwa katika degedege, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko wala kidole wala dawa mdomoni, na muanze safari. Nasema hivi kwa sababu bado wapo wanaosubiri mganga amalize kufukiza ubani, na mwaka hadi mwaka tunawazika watoto wao. Fedha ya usafiri wa usiku iwe na mahali pake panapojulikana na wote wawili, namba za waendesha bodaboda wawili ziandikwe ukutani, kwa kuwa mmoja anaweza kuwa amezima simu, na kadi ya kliniki ya mtoto ikae pamoja na hiyo fedha. Mkishakubaliana, atakayeiona dalili kwanza anaondoka. Hamtaamua tena usiku, maana mtakuwa mmekwisha kuamua.

Sasa madawati.

Umeniletea jambo hili kama uamuzi mmoja mkubwa wenye tarehe, ndiyo maana limekutisha. Ndani yake naona mambo mawili ambayo mtu amekufungia pamoja kwa kamba moja. La kwanza ni kama uipokee kazi. Hilo ni la mbao, na wewe mwenyewe umelijibu bila kulihitaji shauri langu: madawati 30 kwa wiki, wiki 7 kwa kazi yote, unaiweza. La pili ni kama uiweke nyumba ya watoto wako rehani. Hilo si la mbao. Wewe huna uzoefu nalo, likiharibika halirudi, na mtu mwingine ndiye aliyekupimia muda wake. Linafanana na kiwanja kwa kila upande, ila tu safari hii dalali amevaa vizuri zaidi.

Kabla ya kufikiri juu ya mkopo, nilichukua kalamu nikafanya hesabu yako. Tuseme hukopi kitu. Unamwomba mwenye shule ukabidhi kazi kwa mafungu matatu, 80, kisha 80, kisha 40, na kila fungu likifika alipe asilimia 70 iliyobaki ya fungu hilo, yaani shilingi 59,500 kwa dawati. Malipo ya awali ya milioni 5.1 yananunua vifaa vya madawati 80 kwa milioni 4, na milioni 1.1 inabaki kwa posho ya vijana. Ukiyakabidhi, unapokea milioni 4.76. Fungu la pili linakula milioni 4 nyingine, linarudisha milioni 4.76. Fungu la mwisho linataka milioni 2 tu. Hakuna wiki hata moja ambayo utahitaji shilingi ambayo huna, mradi posho ya vijana hao isizidi kilichobaki mkononi kila fungu, na hilo unalijua wewe kuliko mimi. Upungufu wa milioni 4.9 ulioniandikia haukutokana na kazi. Umetokana na sharti la kulipwa mwishoni, na sharti ni jambo la mazungumzo.

Usingoje Ijumaa kumwambia. Nenda mapema, Jumatatu ukiweza, na pendekezo lako likiwa limeandikwa pamoja na tarehe za kila fungu, kwa kuwa akikataa unataka siku zibaki za kufikiri, na akikubali unataka ajue kwamba wewe si mtu wa kusukumwa hadi siku ya mwisho. Sioni kwa nini akatae, maana naye atayaona madawati 80 kwa macho yake kabla ya kulipa zaidi, na shule inayokataa hata hilo inakupa habari kuhusu jinsi itakavyolipa mwishoni. Akigoma kabisa, mwambie utamtengenezea madawati 90 ndani ya malipo ya awali na mengine atafute fundi mwingine. Utakosa sehemu ya faida. Nyumba utabaki nayo.

Na ikitokea, baada ya yote hayo, bado unaona mkopo ni lazima, basi hapo ndipo pa kusema "nitakujibu wiki mbili zijazo" hata kama Ijumaa itapita. Hakikisha mkopeshaji huyo ana leseni inayotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Taka mkataba uandikwe na uusome nyumbani, si mezani kwake, ukitafuta jumla utakayorudisha kwa shilingi, siyo asilimia ya mwezi peke yake, pamoja na kitakachotokea shule ikichelewa kukulipa kwa mwezi mmoja. Kisha kuna saini ambayo hukuitaja. Nyumba mnayoishi ni nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hazikuruhusu kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzi wako. Mkopeshaji anayekuambia kwamba saini ya mke haina haja, muage.

Ambalo linanirudisha kwa mama watoto na lile jibu lake la upole. Wewe umelisoma kama ruhusa. Mimi nimesikia mlango ukifungwa taratibu. Mwanamke aliyebeba mtoto wake katika degedege peke yake usiku, huku mumewe akitafuta namba ya simu, kisha akaja kuulizwa kuhusu rehani, alikuwa na haki ya kujibu kwa ukali zaidi ya hapo. Umekuwa ukisubiri alizungumze yeye. Usisubiri. Jambo hili halihitaji ujuzi wa ziada kutoka kwa mtu yeyote, halina upande wa pili wa kupima, na kila wiki linalokaa linazidi kukauka vibaya. Leo jioni watoto wakishalala, mwambie kwamba usiku ule alikuwa sahihi naye ndiye aliyemwokoa mtoto, na kwamba ulijua hivyo tangu ulipokuwa barabarani ukiwafuata kwa miguu. Usiongeze maelezo ya kiwanja wala ya hofu yako, anayajua. Mengine ya fedha ya usiku na namba za bodaboda mtayapanga kesho yake, naye nadhani atakuwa na orodha ndefu kuliko yangu.

Kuhusu mlango wa karakana, bila shaka stoo kuna kopo la rangi lililobaki kutoka kazi fulani. Vijana walifungue kesho asubuhi wapake hiyohiyo.

Bi Mshauri